Seli, Mshipa na Risasi: Lugha ya Mtafiti wa Baiolojia ya Seli na Neva Mbele ya Mkazi wa Mukuru kwa Njenga

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya Kiswahili katika mafunzo ya utafiti wa uzamili na uzamivu katika baiolojia ya seli na baiolojia ya neva nchini Kenya. Mwanafunzi wa taaluma hizo hufunzwa kwa Kiingereza, huandika tasnifu kwa Kiingereza, lakini damu anayoichunguza mara nyingi hutoka katika mwili wa mtu anayezungumza Kiswahili na Sheng. Kwa kutumia maneno matatu, yaani seli, mshipa na risasi, na kwa kurejelea mtaa wa Mukuru kwa Njenga jijini Nairobi, makala yanaonyesha kwamba tafsiri iliyo sahihi katika kamusi yaweza kumpotosha msikilizaji. Yanapendekeza njia ya kuipima tafsiri hiyo kabla haijatumiwa kuombea ridhaa.

1.0 Utangulizi

Mukuru kwa Njenga ni mojawapo ya mitaa ya mabanda iliyo kusini-mashariki mwa Nairobi, karibu na Eneo la Viwanda. Pamoja na Mukuru kwa Reuben na Viwandani, mtaa huu ulitangazwa mwaka 2017 na Serikali ya Kaunti ya Nairobi kuwa Eneo Maalumu la Upangaji. Wakazi wake wametoka pembe zote za nchi. Lugha inayowaunganisha sokoni, kiwandani na kwenye foleni ya maji ni Kiswahili, pamoja na Sheng kwa vijana na kwa wazee wengi waliolelewa humo.

Mtaa wa aina hii huwavutia watafiti wa afya. Viwanda, moshi wa jikoni, maji taka na msongamano wa nyumba huibua maswali mengi kuhusu mapafu, damu na ubongo wa mtoto anayekua. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo cha utafiti cha APHRC kimekuwa kikifuatilia afya na makazi ya wakazi wa Korogocho na Viwandani, jirani ya Mukuru kwa Njenga. Kwa hiyo, mgeni mwenye fomu na kalamu si kioja katika sehemu hizi.

Linalostahili kuulizwa na mwanafunzi wa Kiswahili ni hili: mgeni huyo anapoeleza anachokitaka, mwenyeji husikia nini? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Hata hivyo, hadhi ya kikatiba haitoshi kuifanya lugha ieleweke. Kinachohitajika ni kazi ya kiisimu, na kazi hiyo haijapata wenyewe.

2.0 Mafunzo ya Utafiti wa Seli na Neva Nairobi

Nairobi ina historia ndefu katika taaluma hizi. Mwaka 1970, Profesa Thomas Odhiambo alianzisha kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, icipe. Mwaka 1983 kituo hicho kilianzisha mpango wa kuwafunza Waafrika shahada za uzamivu kwa ushirikiano na vyuo vikuu vya bara hili. Mwaka 1973 ilianzishwa maabara ya ILRAD iliyochunguza magonjwa ya mifugo, kabla ya kuunganishwa katika taasisi ya ILRI katikati ya miaka ya 1990. Humo wanasayansi walichunguza jinsi kimelea cha ndigana kali kinavyoingia katika seli nyeupe ya ng'ombe na kuifanya igawanyike bila kikomo, mithili ya saratani. Walichunguza pia kimelea cha jamii ya kile kinacholeta malale, ugonjwa ambao huanzia kwenye damu ya binadamu na kuishia kuvuruga ubongo na usingizi wake.

Mitaa ya Eastlands nayo imo katika historia hiyo. Kuanzia mwaka 1985, Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada vilishirikiana kuwafuatilia wanawake waliokuwa wakifanya biashara ya ngono huko Majengo, Pumwani. Baadhi yao walikaa miaka mingi bila kuambukizwa virusi vya UKIMWI ingawa walikabiliana navyo mara kwa mara, na seli zao za kinga zikawa somo la maabara za mbali. Profesa Elizabeth Ngugi, muuguzi kwa taaluma, ndiye aliyejenga uaminifu kati ya wanawake hao na watafiti. Yaani, kabla ya hadubini palikuwa na mazungumzo. Na bila mazungumzo hayo hadubini isingepata cha kutazama.

Mwanafunzi wa uzamili hufunzwa mambo mengi: kukuza seli katika sahani za maabara, kuzitia rangi, kupima umeme wa neva, kuchanganua takwimu, kuandika pendekezo na kulitetea. Hutakiwa pia kupata kibali cha maadili na leseni ya NACOSTI, tume iliyoundwa chini ya Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka 2013. Katika mafunzo hayo, lugha huchukuliwa kuwa chombo ambacho kila mtu anacho tayari. Fomu ya ridhaa huandikwa kwa Kiingereza, kisha hupewa mtu "anayejua Kiswahili" aitafsiri. Hapo ndipo mambo huanza kwenda mrama.

3.0 Maneno Matatu

3.1 Seli

Chukulia mfano wa kubuni. Mtafiti amefika Mukuru kwa Njenga na kumwambia mama mmoja kwamba anataka "kuchunguza seli za mtoto wako". Kamusi haina ugomvi na sentensi hiyo. Lakini katika Kiswahili cha Kenya, seli ni kwanza kabisa chumba cha kuwazuilia watu katika kituo cha polisi. Mkazi wa mtaa ambao vijana wake hukamatwa mara kwa mara hahitaji kufikiri sana kabla ya kuisikia maana hiyo.

Jambo la kuvutia ni kwamba maana hizo mbili zina chimbuko moja. Mwaka 1665, Mwingereza Robert Hooke alitazama kipande cha gamba la mti kwa hadubini, akaona vijumba vidogo vilivyopangwa safu safu. Akaviita kwa jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba kidogo. Jina hilo hilo lilikuwa likitumika kwa vyumba vya watawa, na hutumika hadi leo kwa vyumba vya wafungwa. Hivyo basi, seli ya baiolojia ilikuwa sitiari tangu siku yake ya kwanza. Katika miaka ya 1838 na 1839, Matthias Schleiden na Theodor Schwann waliieneza sitiari hiyo kwa mimea na wanyama wote: kila kiumbe hai kimejengwa kwa vyumba hivyo.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi ana cha kuchangia hapa. Kitendawili cha "nyumba yangu haina mlango", ambacho jibu lake ni yai, kimekwisha kumzoesha mtoto wa Kiswahili kuuona uhai ukiwa ndani ya chumba kilichofungwa. Na kiini cha yai la kuku ambalo halijatungishwa ni seli moja, kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu. Mtafiti anayeanza na yai hamwogopeshi mama kwa polisi. Anamwonyesha anachokijua, kisha anamwongoza hadi kwenye kisichoonekana: kwamba mwili wa mtoto wake umejengwa kwa vyumba vidogo sana, na kila kimoja kina uhai wake.

3.2 Mshipa

Neno mshipa lina mzigo mzito zaidi. Hutaja njia ya damu, hutaja neva, hutaja wakati mwingine kano; na mtu "anayeumwa na mshipa" hueleweka kuwa ana ngiri. Aidha, asiyeona haya husemwa kuwa hana mshipa wa aibu. Ili kutenganisha maana, wataalamu wamezoea kusema mishipa ya damu kwa upande mmoja na mishipa ya fahamu kwa upande mwingine.

Utenganishaji huu husaidia, lakini hubakiza taswira ya bomba. Anayesikia mshipa wa fahamu huona mrija ambamo kitu hutiririka. Taswira hiyo si ya kuchekwa. Kwa karne nyingi, tangu wakati wa Galeni, matabibu wa Ulaya waliamini kwamba neva ni mirija iliyobeba roho au majimaji laini kutoka kwenye ubongo. Mwishoni mwa karne ya 18, majaribio ya Luigi Galvani juu ya miguu ya chura ndiyo yaliyoanza kuonyesha kwamba umeme unahusika. Mwaka 1906, Camillo Golgi na Santiago Ramón y Cajal walitunukiwa Tuzo ya Nobel kwa pamoja ilhali hawakukubaliana: Golgi alishikilia kwamba neva zote ni wavu mmoja ulioungana, Cajal akasema kila seli ya neva husimama peke yake na huzungumza na jirani yake bila kuungana naye. Utafiti wa baadaye ulimuunga mkono Cajal. Mahali seli hizo zinapokaribiana huitwa sinapsi, na ujumbe huvuka pengo hilo, mara nyingi kwa kubebwa na kemikali.

Mwaka 1952, Alan Hodgkin na Andrew Huxley walieleza jinsi ujumbe unavyosafiri ndani ya seli moja: chembe za sodiamu huingia kupitia utando wa seli, kisha zile za potasiamu hutoka, na wimbi la umeme husonga mbele. Leo inajulikana kwamba chembe hizo hupita katika milango midogo ya protini inayofunguka na kufungika. Kumbe ile nyumba isiyo na mlango ina milango mingi mno! Ubongo wa mtu mzima hukadiriwa kuwa na seli za neva bilioni 86 hivi, na fahamu yote ya mwanadamu hutegemea kufunguka na kufungika kwa milango hiyo. Picha ya majirani wanaopelekeana habari mlango kwa mlango inaikaribia sayansi kuliko picha ya bomba, na mkazi wa Mukuru, ambaye nyumba yake imetenganishwa na ya jirani kwa bati moja, anaielewa bila kufasiriwa.

3.3 Risasi

Neno la tatu ndilo lenye hatari kubwa. Madini ambayo kwa Kiingereza huitwa "lead" huitwa risasi kwa Kiswahili, na hilo hilo ndilo jina la kitu kinachotoka kwenye bunduki. Kiarabu, ambako neno hili lilitoka, kina maana hizo mbili pia, kwa kuwa risasi za bunduki zilitengenezwa kwa madini hayo.

Suala la risasi na ubongo wa mtoto si la kinadharia katika Eastlands. Mwaka 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 328 walioishi na kusoma karibu na jaa la Dandora. Nusu yao walikuwa na mikrogramu 10 au zaidi za risasi katika kila desilita ya damu, kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Kwa sasa wataalamu wanakubaliana kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Madhara yenyewe ni somo zuri la baiolojia ya seli. Chembe ya risasi hufanana kwa umbo na chaji na chembe ya kalsiamu, ambayo seli ya neva huihitaji ili kutoa kemikali zake kwenye sinapsi. Kwa hiyo, risasi huingia kwa milango ya kalsiamu kama mgeni aliyevaa sare ya mwenyeji, kisha huvuruga utoaji wa ujumbe. Huziba pia vipokezi fulani ambavyo seli hutumia wakati wa kujifunza na kukumbuka. Mtoto haonyeshi jeraha. Hushindwa tu kutulia darasani na kukumbuka alichofundishwa jana, na mwalimu huenda akamwita mtundu au mzito.

Sasa zirudiwe sentensi za fomu: "Tunataka kupima kama damu ya mtoto wako ina risasi." Katika mtaa ambako milio ya bunduki si hadithi, mama aliyesikia hivyo ana haki ya kushtuka, au ya kucheka na kufunga mlango. Vyovyote iwavyo, hajaulizwa alichokusudiwa kuulizwa.

4.0 Kasoro ya Tafsiri Rejeshi

Kamati nyingi za maadili hudai tafsiri ikaguliwe kwa njia ya tafsiri rejeshi: mtu wa pili huirudisha fomu ya Kiswahili katika Kiingereza, kisha nakala mbili za Kiingereza hulinganishwa. Zikifanana, fomu hupita.

Njia hii ina manufaa yake, lakini haitambui makosa yaliyotajwa hapo juu. Sababu ni rahisi. Mfasiri wa pili ni msomi. Anajua kwamba fomu inahusu maabara. Akikuta seli, anaandika neno la baiolojia. Akikuta risasi, anaandika jina la madini. Muktadha alionao kichwani humwondolea utata ambao msikilizaji wa Mukuru hana namna ya kuuondoa. Kwa maneno mengine, tafsiri rejeshi huwapima wafasiri wawili na kumwacha msikilizaji nje ya mtihani.

Kipimo kinachofaa zaidi ni usimulizi wa msikilizaji. Kabla ya utafiti kuanza, watu wachache wa mtaa husika husomewa fomu kwa sauti, kisha huombwa waisimulie kwa maneno yao kama wanavyoweza kumsimulia jirani ambaye hakuwapo. Akisema "wanatafuta watoto waliopigwa risasi", fomu imeanguka, hata kama kila neno lake limo kwenye kamusi. Akisema "kuna sumu ya madini inaweza kuwa imeingia kwenye damu ya mtoto na kuharibu kichwa chake, nao wanataka damu kidogo waangalie", fomu imepita, hata kama msimulizi hakutumia istilahi moja sanifu.

Linalopiganiwa hapa ni zaidi ya ufasaha. Tangazo la Helsinki la mwaka 1964 na maadili yote ya utafiti yaliyofuata yamejengwa juu ya ridhaa ya mtu aliyeelewa. Kisa cha Henrietta Lacks, Mmarekani mweusi ambaye seli zake zilichukuliwa mwaka 1951 bila idhini yake na zikaenea katika maabara za dunia nzima, huonyesha deni linalobaki pale mwenye mwili asipoulizwa. Anayeulizwa kwa maneno asiyoyaelewa hajaulizwa pia; tofauti ni kwamba kuna sahihi yake kwenye karatasi.

5.0 Funzo kutoka Kilifi

Pwani ya Kenya inatoa mfano wa kinyume, ambapo msamiati wa wenyeji ndio ulioielimisha sayansi. Mpango wa utafiti wa KEMRI na Wellcome Trust ulianzishwa Kilifi mwaka 1989, na umewafunza wanasayansi wengi wa uzamivu. Moja ya maudhui yake makuu ni malaria kali ya ubongo, ambapo seli nyekundu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya damu kichwani, na mtoto akashikwa na mitukutiko hadi akapoteza fahamu.

Watafiti waliouliza wazazi kuhusu "malaria" walipata habari za homa. Mitukutiko ilikuwa na jina jingine: degedege, au nyuni katika sehemu za pwani. Majina yote mawili hukumbusha ndege, na imani iliyoyazunguka ni kwamba kiumbe wa angani amempitia mtoto. Mzazi mwenye imani hiyo humkimbiza mtoto kwa mganga kwanza, na saa zinazopotea njiani ni saa za seli za ubongo. Mtafiti asiyelijua neno hilo angehesabu homa na kuikosa mitukutiko. Anayelijua huweza kuuliza vizuri na, muhimu zaidi, kuanzia pale mzazi alipo: kwamba anachokiona ni degedege kweli, na kwamba sindano ya hospitali haimuui mtoto mwenye degedege.

6.0 Kuunda Istilahi kwa Ajili ya Masikio

Uundaji wa istilahi za sayansi si jambo geni. Mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Tatizo lililobaki ni kwamba istilahi nyingi huundwa kwa ajili ya jicho la msomaji wa kitabu. Ni chache zilizojaribiwa kwa sikio.

Mojawapo iliyofaulu ni selimundu. Ugonjwa huo, uliofafanuliwa kitabibu na James Herrick mwaka 1910, hufanya seli nyekundu kupinda mithili ya mundu. Ni ugonjwa wenye nasaba na Afrika Mashariki kisayansi pia: Anthony Allison, aliyekulia Kenya, ndiye aliyechapisha mwaka 1954 ushahidi kwamba waliorithi jeni moja tu ya selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Neno selimundu linabeba sayansi yote ndani yake. Anayeujua mundu huona umbo. Akiona umbo huelewa kwa nini seli hizo hukwama njiani na kuleta maumivu.

Kwa kufuata kielelezo hicho, istilahi ya seli ya neva yaweza kupimwa kwa vigezo vitatu: je, inatamkika? Inaeleza kitu chenyewe? Haigongani na maana nyingine mtaani? Nyuroni inatamkika na haigongani, lakini haielezi. Seli ya mshipa wa fahamu inaeleza, lakini ni ndefu na inarudisha bomba. Selineva ni fupi, inaeleza kwa anayejua neva, na muungano wake unapunguza uwezekano wa kusikia kituo cha polisi. Kwa risasi, kutaja madini ya risasi kila mara ni hatua ya lazima, na usimulizi wa msikilizaji utaonyesha kama inatosha au kama sumu ya madini itangulie.

Wapo watakaosema kwamba vijana wa Mukuru wanasikia Kiingereza na kwamba Sheng hukopa kila siku, hivyo kazi hii ni ya bure. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Sheng hukopa sauti kwa wepesi, lakini maana huipanga upya inavyotaka. Neno lililokopwa likaachwa bila maelezo hujazwa na maana iliyo karibu, na iliyo karibu yaweza kuwa seli ya polisi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika utafiti wa seli na neva lugha ni sehemu ya mbinu, kama ilivyo hadubini. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, mapendekezo ya utafiti unaohusisha wakazi wa mitaa yaeleze jinsi fomu ya Kiswahili ilivyojaribiwa kwa usimulizi wa wasikilizaji. Pili, idara za Kiswahili na zile za sayansi za vyuo vikuu vyetu zishirikiane kusimamia tasnifu, ili mwanafunzi wa uzamili wa Kiswahili apate eneo la utafiti na mwenzake wa maabara apate fomu inayoeleweka. Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vikusanye maneno ya mwili na maradhi kama yanavyotumika mitaani na vijijini, pamoja na imani zinazoyazunguka.

Aidha, ifahamike kwamba neno zuri haliondoi dhiki. Mama anayehitaji matibabu ya bure anaweza kukubali lolote, hata akielewa kila silabi. Hata hivyo, aliyeelewa anaweza kuuliza, anaweza kukataa, na anaweza kurudi baada ya mwezi kudai majibu ya damu ya mtoto wake. Mtafiti akimjibu siku hiyo kwa lugha ile ile aliyomwombea damu, atakuwa amehitimu kweli.